Gunia la Shimo la Kumi na Saba

Kazi yangu ilikuwa gunia.
Gunia la katani lililopigiliwa ubao, kamba mbili,
na mimi katikati kama punda wa Isevya.
Tabora hatuna zulia la majani pale bendera ilipochomekwa.
Tuna mchanga uliolowekwa mafuta machafu ya gari,
mweusi, mzito, unashika wayo na hauachii.
Wakipita, naburuza.
Wakipita, naburuza.
Siku nne, elfu kumi kwa siku, na chai.
Asali yangu nilimwachia Nyanzala auze.

Alhamisi walipita sitini na wawili.
Nchi zao nilizisoma kwenye soli.
Mkenya alinyata kama anayemkwepa mdai.
Yule Mnorwe, Solhaug, mrefu kama nguzo ya simu,
aliacha vitundu kumi na kimoja kila mguu,
nilivihesabu kabla ya kuvifuta.
Asubuhi waliucheka mchanga wetu.
Kufika saa nane hakuna aliyecheka:
mpira unakwenda, unapita shimo, unarudi, unapita tena,
mgeni anayetafuta nyumba ya shemeji gizani.

Ijumaa upepo ulileta majivu ya pori linalochomwa.
Mihambo wetu wa Cheyo, aliyejifunzia kwa bomba la maji,
alipiga themanini na moja
akaondoka bila kumsalimia mtu.
Nusu yao walikatwa.
Jioni niliwakuta stesheni wakiulizia treni,
mifuko yao mirefu imelazwa kwenye benchi
kama wagonjwa waliofunikwa blanketi.

Jumamosi sina la kusema. Kamba iliniumiza bega.

Jumapili mji wote ulikuja,
na wauza karanga, na watoto wa shule na sare zao,
na bwana mmoja mwenye kipaza sauti
aliyekuwa akipiga kelele kwamba watu wanyamaze.
Mubita Sitwala, Mzambia, alikuwa mbele kwa pigo moja.
Mpira wake ulisimama ukingoni, kwenye nyasi kavu,
hatua mbili kutoka gunia langu.
Kulikuwa na jani la mninga limeuegemea.
Akachuchumaa. Akalitoa kwa vidole viwili,
taratibu, kama unavyotoa kijiti jichoni mwa mtoto.
Mpira ukasogea.
Upana wa punje ya uwele, basi.

Watu walikuwa wanamtazama uso.
Mimi kazi yangu ni chini.
Akainua macho, yakakutana na yangu.
Hatukuwa na lugha moja, mimi na yeye,
na sikutikisa hata kope.
Ningenyamaza. Naapa ningenyamaza,
ningeburuza gunia na jambo lingekwisha pale pale.

Akanyoosha mkono.
Mwamuzi akaja na kijitabu chake, wakanong'ona,
mpira ukarudishwa ulipokuwa,
na pigo moja likaandikwa juu yake.
Umati ukaguna bila kuelewa.
Alipopita kuelekea la mwisho
nyayo zake zilikuwa zilezile, hazikuzama zaidi.
Nilizifuta polepole kuliko zote.

Shimo la kumi na nane silioni nilipo, lipo nyuma ya kichuguu.
Nilisikia makofi tu:
ya adabu, ya kupimwa,
makofi ya kumpongeza mgeni.
Nikajua.
Solhaug kachukua kikombe kwa pigo moja,
na hundi kubwa kama mlango, na ndoo ya asali.

Jumatatu nimelipwa, pungufu elfu tano.
Sikuuliza.

Leo nipo sokoni na chupa zangu.
Nyanzala anajua, na mimi najua,
kuna sufuria gani ya sukari tunayoyeyusha usiku.
Mama mmoja ameinua chupa, ameigeuza kwenye jua,
rangi nzuri, hata nyuki angedanganyika.
Ameuliza: hii ni asali tupu?
Kila siku jibu langu huwa limeshatoka
kabla swali halijaisha.
Leo nimetazama chini,
kwenye vumbi kati ya miguu yake na yangu,
na bado anasubiri.